Kung'oa mrashia kandokando ya mito ya tambarare ya Moshi: mwongozo wa kazi

Anayeshuka kutoka Moshi mjini kuelekea Kahe huiona nchi ikibadilika ndani ya mwendo mfupi: migomba na kahawa hubaki nyuma mlimani, mpunga na miwa hufuata penye mifereji, kisha nyika kavu hutandaa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Hapa si jangwa kwa maana kamili ya neno, lakini mito yake huishi kama mito ya jangwani, kwa kuwa maji ya Kikuletwa na Ruvu hayatokani na mvua ya mahali inapopita bali na misitu na chemchemi za Meru na Kilimanjaro. Kila kinachohitaji maji na kivuli, kuanzia ndege hadi ng'ombe wa wafugaji, hubanana katika ukanda mwembamba wa kijani ulio kandokando ya mto. Ukanda huo ndio uliovamiwa na mrashia, mti ambao wataalamu huuita Prosopis juliflora na ambao majirani zetu wa Kenya huuita mathenge.

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya vikundi vya vijiji, kamati za maji na wenye mashamba wanaotaka kuuondoa mti huo na kuurudishia mto miti yake. Kanuni moja inatawala yote yatakayofuata, nayo ni kwamba usikate leo eneo ambalo hutaweza kulirudia mwakani na mwaka utakaofuata. Kikundi chetu kiliivunja kanuni hiyo mara ya kwanza. Tulikodi watu, tukakata karibu ekari tatu kwa panga kwenye usawa wa goti, tukapiga picha na kwenda nyumbani tukiwa tumeridhika. Masika yalipokwisha, kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi manane, kumi, vingine zaidi, na mahali ambapo zamani mtu aliweza kuinama na kupita palikuwa hapapitiki hata kwa mbuzi.

Kuutambua

Mrashia ni mgeni kutoka Meksiko, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Uliletwa Afrika Mashariki kwa nia njema, kwa sababu huvumilia ukame na chumvi, hukua haraka na hutoa kuni na mkaa mzuri. Kule Baringo, Kenya, ulipandwa katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, na baadaye wanavijiji wa huko wakaenda mahakamani kulalamika, wakiwa wamemchukua na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda ya mbegu za mti huo. Katika eneo la Afar nchini Ethiopia umekwisha kufunika zaidi ya hekta milioni moja. Anayedhani kwamba vichaka vichache vya Kahe ni jambo dogo ayatazame hayo kwanza.

Makosa makubwa ya wanaoanza ni kuuchanganya na migunga yetu, hasa mgunga wa gome la manjano unaopenda maeneo yenye maji. Tazama maua: ya mgunga huo ni vijipira vya mviringo, ilhali ya mrashia yamejipanga kwenye kijiti kirefu mfano wa brashi ya kusafishia chupa. Tazama pia vitawi vyake, ambavyo hupinda huku na huku kama njia ya mlevi, na katika kila pindo hutokea jozi ya miiba migumu. Maganda yake ni marefu kama kidole au zaidi, huiva yakawa ya manjano, hayapasuki yenyewe, na ukiyatafuna utakuta yana utamu. Utamu huo ndio siri ya uenezi wake. Kabla ya siku ya kazi, mtembeze kila mfanyakazi kando ya mto na umtake akuonyeshe mirashia mitano na migunga mitano. Atakayekosea apewe kazi ya kuburuta matawi mpaka ajifunze.

Ruhusa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwa jicho la afisa anayepita, mtu mwenye shoka ukingoni ni mtu mwenye shoka ukingoni. Anzeni kwa serikali ya kijiji, mpate muhtasari wa mkutano wenye mhuri, kisha muiarifu ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo iko hapa hapa Moshi. Mkikusudia kuuza kuni au mkaa, mtahitaji pia kibali cha kuvuna na kusafirisha mazao ya misitu. Ulizeni Wakala wa Huduma za Misitu kabla gari halijapakia, si baada ya kusimamishwa kizuizini.

Pa kuanzia

Watu wengi hukimbilia kichaka kinene, kwa sababu ndicho kinachoudhi macho. Hilo ni kosa la hesabu. Kichaka kinene kimekwisha kufanya ubaya wake, na siku nzima ya watu kumi humaliza robo ekari tu. Mahali penye mti mmoja mmoja, watu haohao kumi husafisha kipande kirefu cha mto kwa siku, na kila mti wanaouondoa ulikuwa njiani kuwa kichaka. Anza basi kwenye pembe zenye miti michache, ukienda kutoka juu ya mto kuelekea chini, kwa kuwa maganda huelea na mafuriko huyashusha. Ukisafisha chini huku mti uliojaa maganda umesimama juu yako, mvua moja itapanda upya ulichokwisha kung'oa.

Kabla ya kukata, pimeni kipande chenu kwa hatua, mchore ramani ya mkono kwenye daftari, na mtie alama ya rangi kwenye kila mti wa asili usiopaswa kuguswa: mikuyu, migunga, mikwaju, mikindu, miswaki. Rangi ya kopo moja huokoa miti mingi. Tazameni pia viota vya ndege, na mkivikuta vina mayai au makinda, sogeeni mbele na mrudi baadaye.

Wakati mzuri wa kung'oa miche ni wiki chache baada ya mvua kuanza, udongo ukiwa laini. Miti mikubwa ikatwe wakati wa kiangazi, njia zikipitika na maji yakiwa chini, lakini kabla maganda hayajaiva na kuanguka. Asubuhi ndiyo saa ya kazi. Mchana jua la Kahe halina huruma, na mamba wanaoishi katika mito hii hawatofautishi mchota maji na mwanamazingira. Awepo mtu mmoja asiyekata wala kuburuta, ambaye kazi yake ni kuangalia maji.

Kukata

Miche isiyozidi urefu wa goti hung'olewa kwa mkono wenye glavu ya ngozi. Shika chini kabisa, vuta polepole ukielekea juu, na usiridhike mpaka umeona mzizi wenye rangi ya kahawia ukitoka pamoja na sehemu ya juu yake iliyonenepa kidogo. Mche uliokatikia mkononi ni mche utakaochipua.

Mti mkubwa unahitaji akili zaidi. Mrashia haufi kwa kukatwa shina, kwa sababu macho yake ya kuchipua yamejificha kwenye shingo ya mzizi, yaani pale shina linapogeuka kuwa mzizi chini ya udongo. Ondoa kwanza matawi ya chini kwa panga yenye mpini mrefu ili upate nafasi ya kupiga magoti bila kuchomwa. Kisha chimba kwa sululu mviringo kuzunguka shina, ukishuka kati ya sentimita 20 na 30. Safisha udongo kwa mkono mpaka uione shingo yenyewe: hapo gome la shina, lililopasuka na kukwaruza, huisha, na gome la mzizi, laini na lenye wekundu kidogo, huanza, katikati yake pana uvimbe wenye vinundu vidogovidogo kama chunusi. Vinundu hivyo ndivyo machipukizi ya kesho. Kata chini yake. Ukikata kwa shoka hapo, mizizi iliyobaki chini haina uwezo wa kurudi, kwa hiyo huna haja ya kuufukua mzizi mkuu. Nao usiufukue hata ukitamani, maana jamaa za mti huu hushuka mbali mno: huko Arizona, Marekani, wachimbaji wa mgodi wa wazi waliukuta mzizi wa aina nyingine ya Prosopis ukiwa umefika mita 53 chini ya ardhi.

Njia hiyo inafaa mahali tambarare, mbali kidogo na maji. Ukingoni mwenyewe ni hadithi nyingine, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kila kisiki king'olewe. Shimo la sentimita 30 kwenye ukingo wa udongo wa mfinyanzi ni mwaliko kwa mto. Mafuriko yakija, maji huingia humo, huzungusha, na mita mbili za ukingo huondoka usiku mmoja pamoja na mgunga uliokuwa unaulinda. Ukingoni, kata shina usawa wa ardhi, acha mizizi ishike udongo, na uizuie isichipue kwa dawa ya kupaka au, ikiwa hamtumii dawa, kwa kurudi kila baada ya wiki sita na kuvunja machipukizi kwa mkono yakiwa bado laini. Kisiki kinachonyimwa majani kwa muda mrefu huchoka, ingawa huchukua misimu kadhaa na huhitaji mtu asiyechoka kabla yake.

Msitumie moto. Moto huua miche midogo tu, huviamsha visiki vikubwa, na huichoma mikindu na matete ambayo ndiyo mnayotaka yarudi.

Miiba ya mrashia hupenya kandambili, hupenya buti za mpira, na hupasua tairi za bodaboda na trekta. Vaeni buti za ngozi zenye soli nene na miwani ya kazi. Mwiba ukiingia mwilini, utoeni mara moja kwa ukamilifu, osheni jeraha kwa maji na sabuni, na aliyechomwa aende zahanati ikiwa pamevimba au kama hajawahi kuchanjwa dhidi ya pepopunda. Nimemwona kijana mwenye nguvu akichechemea kwa wiki mbili kwa ncha iliyobaki kwenye kifundo cha mguu, ndogo kuliko punje ya mchele.

Dawa ya kupaka kwenye kisiki

Dawa inayotumika sana kwa mti huu ni ile yenye kiambato cha triklopiri, ambayo hupakwa kwenye kisiki mara tu baada ya kukata. Neno la kuzingatia ni mara tu: kisiki kibichi hufyonza kwa dakika chache, kisha hujifunga, na dawa iliyopakwa jioni juu ya kisiki cha asubuhi ni fedha iliyomwagwa. Mmoja akate, mwingine apake kwa brashi nyuma yake, akizingatia pete ya nje ya mbao iliyo karibu na gome, kwani katikati ya kisiki ni mbao iliyokufa. Tia rangi kidogo kwenye dawa ili ujue kisiki kipi kimepakwa.

Kandokando ya maji hainyunyizwi kwa bomba, hata kama upepo umetulia. Nunueni dawa iliyosajiliwa tu, na kabla ya kuinunua ulizeni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake makuu yapo Arusha, kama imeruhusiwa kutumika karibu na mto na kwa kipimo gani. Chupa tupu zisioshwe mtoni wala kugeuzwa kuwa za maziwa.

Maganda na mifugo

Siku moja nilipasua kinyesi kikavu cha ng'ombe kando ya njia ya kwenda kunywesha maji. Ndani yake, zikiwa zimepangana kama mbegu za papai, nilihesabu mbegu kumi na saba za mrashia, zote nzima, nyingine zimeanza kufura. Tumbo la mnyama haliziui. Huzilainishia ganda, kisha huzitua kwenye mbolea, mara nyingi hatua chache kutoka mtoni. Kazi yote ya panga hushindwa na zizi moja lililofunguliwa wakati usiofaa.

Kwa hiyo kukubaliana na wafugaji si jambo la hiari. Waombeni mifugo inayotoka kwenye vichaka vyenye maganda ilazwe zizini siku kadhaa kabla ya kupita kwenye kipande kilichosafishwa, na samadi ya zizi hilo isimwagwe shambani kandokando ya mto. Maganda yaliyoanguka yaokotwe na kusagwa mashineni mpaka mbegu zenyewe zivunjike. Unga wake ukichanganywa na pumba ni chakula kizuri cha mifugo, na mbegu iliyosagwa haioti. Wazee wa kifugaji wanaujua mti huu vizuri kuliko sisi tunaokuja na daftari. Mkae nao kabla, mkiwa mmeleta sukari na majani ya chai, msiwaite mkiwa mmekwisha kuamua.

Kuhusu mkaa, niseme bila kuzunguka: unasaidia kulipia kazi, lakini hauimalizi. Mchoma mkaa mwenye busara zake hukata juu ya shingo, kwa kuwa kisiki kitampa mkaa tena baada ya miaka michache. Mti unaomlipa mtu hauondolewi na mtu huyo. Kama mnatumia mkaa kugharimia kazi, mlipeni mchomaji kwa kila mti uliokwisha kung'olewa, si kwa kila gunia.

Kupanda, na funzo la Colorado

Ardhi iliyoachwa tupu kandokando ya mto haikai tupu. Ikikosa mti wa asili itachukuliwa na gugu karoti, ambalo limeonekana Arusha tangu mwaka 2010 na ambalo mmea wake mmoja hutoa mbegu zaidi ya 10,000. Ling'oeni kwa glavu na kitambaa puani kabla halijachanua, maana huwasha ngozi na kubana kifua.

Katika majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani, kingo za mto Colorado na matawi yake zilivamiwa na mti uitwao tamariski, ambao uliletwa kutoka Ulaya na Asia katika karne ya 19 ili kuzuia upepo na mmomonyoko. Mwaka 2001 serikali ya huko ilianza kuachia mbawakawa wanaokula majani yake. Mbawakawa walifanya kazi vizuri, hata kupita mipaka waliyokusudiwa, na tatizo likageuka: ndege mmoja mdogo mla wadudu, aliye hatarini kutoweka, alikuwa amezoea kujenga kiota kwenye tamariski kwa kukosa mierebi yake ya asili. Tamariski zikanyauka kabla mierebi haijarudi, na mwaka 2010 idara ya kilimo ikasitisha mpango wa kuachia wadudu hao. Ajabu nyingine ni kwamba huko, jamaa za mrashia wetu ni miti ya asili, na hupandwa kwa uangalifu ili kuuponya mto uleule. Mti hauna hatia kwao; umekosea nchi tu.

Funzo ni kusafisha kwa vipande na kupanda nyuma yake. Sisi huacha kipande kimoja cha mirashia kikisimama kama kivuli na makazi mpaka miche ya jirani yake ifike kifuani, na tunachofanya kwenye kipande hicho ni kuokota maganda tu. Mkuyu hupandwa kwa urahisi kwa vipandikizi: kata tawi nene kama mkono, refu kama mtu, mwanzoni mwa mvua, na ulizike theluthi moja kwenye udongo wenye unyevu. Mgunga huota kwa mbegu zilizolowekwa usiku kucha katika maji yaliyomiminwa yakiwa moto. Matete hupandwa kwa kuhamisha vipande vya mizizi, nayo ndiyo hushika ukingo kabla ya kitu kingine chochote. Mkindu huchelewa, upande tu na uusahau. Matawi ya mrashia yenye miiba, yakiwa hayana ganda hata moja, yapangeni kuzunguka miche kama boma dhidi ya mbuzi.

Kurudi

Mbegu za mrashia zinaweza kukaa ardhini hai kwa miaka mingi, kwa hiyo ratiba ya kurudi ndiyo kazi yenyewe. Mwaka wa kwanza tunapita mara nne: baada ya vuli, kabla ya masika, baada ya masika na katikati ya kiangazi. Mwaka wa pili mara tatu. Kuanzia wa tatu, mara mbili, na kila mafuriko makubwa yanapopita tunapita hata kama si zamu. Watu wawili wenye glavu hutosha kwa kipande ambacho mwanzo kilihitaji watu kumi na wawili.

Katika daftari andikeni tarehe, idadi ya miche iliyong'olewa, idadi ya visiki vilivyochipua na hali ya miche mliyopanda. Idadi ya miche ikipanda ghafla mahali pamoja, msilaumu dawa. Fuateni nyayo za mifugo kurudi nyuma, kwa kawaida mtaukuta mti mmoja wenye maganda ambao mlidhani ni mgunga. Kwetu ulikuwa nyuma ya pampu ya kijiji, na wanawake waliokuja kuchota maji walikuwa wakiutundikia ndoo.